Rosemery aliyewafungia watu barua zao

Saa mbili asubuhi. Benchi la ofisi ya mawasiliano mjini Ifakara limeshajaa, na nusu ya waliokaa hawana barua yoyote, wamefuata umbea. Mhudumu, Rosemery Evodius (34), ameikodolea macho kompyuta pekee yenye intaneti hapo, simu sikioni, kiganja mdomoni.

"Mungu wangu," anasema. "Kumbe ni mimi!"

Kwa wiki tatu za mwaka huu wa 1999, kila aliyekuja kusoma barua pepe alikwama. Jina sahihi, neno la siri sahihi, lakini ukurasa unarudi palepale kuuliza upya. Rosemery alikuwa na jibu moja: "Umesahau neno lako." Watu kumi na wanane waliondoka na aibu yao.

"Wote wamesahau?" alimtania Brigita, muuza vitumbua wa mlangoni. "Basi Ifakara nzima tumelogwa, shoga!"

Mzee Limbu, mfugaji wa Malinyi, hakucheka. Mwanawe Ngusa anasoma India. Mara tatu mzee ameendesha baiskeli siku mbili na kuvuka Kilombero kwa pantoni, neno la siri likiwa kwenye karatasi aliyoandikiwa na Ngusa mwenyewe. Jana alikunja karatasi ile taratibu.

"Kalibadilisha ili nisimfikie," alisema. "Jumapili naita ukoo. Huyo hana baba tena."

Alipotoka tu, Rosemery alijaribu sanduku lake mwenyewe la barua pepe. Likakataa. "Neno langu ni jina la marehemu mama," anasimulia. "Nitalisahau vipi?"

Ndiyo maana asubuhi hii amekata intaneti, inayotumia laini moja na simu, akamtafuta Deogratias, fundi wa Morogoro. Fundi ameuliza swali moja: "Dada, kuki umeziruhusu?"

Kuki ni kijikumbusho ambacho tovuti huacha ndani ya kompyuta ili ikutambue. Ni kama kadi ya hospitali: ukiikataa dirisha la kwanza, la pili hawakujui.

Rosemery alizikataa. Januari virusi viliifuta kompyuta yote, akaapa hakuna mgeni atakayeacha kitu humo. Kompyuta ilipouliza, alibonyeza hapana; alipochoka kuulizwa, akaiamuru ikatae zote. "Nilidhani nalinda nyumba," anasema, "kumbe nimewafungia nje wenye nyumba."

Anakata simu, anaziruhusu, anaunganisha tena intaneti. Mzee Limbu, aliyelala kwa nduguye hapa mjini, anaitwa mbio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nisomee."

Barua saba! Ya kwanza: "Baba, nimevunjika mguu, msiogope." Ya mwisho: "Baba, mbona mmeninyamazia? Nimewakosea nini?"

Benchi zima linasogea karibu. Hata Brigita.

"Mwandikie baba yake yupo," mzee anasema. "Na umwambie ni nani aliyefunga mlango."

Rosemery anaandika, machozi yakidondokea vitufe. Kesho ataanza kuwafuata wale kumi na saba waliobaki: wa Sanje kwa basi, wa Uchindile kwa treni.

"Nitawaambia hawakusahau kitu," anasema. "Naomba tu nifike kabla hawajaita ukoo."