Oili Niliyoiona Ikimiminwa

Baba mkwe wangu alipewa boti bure, na mimi ndiye niliyeiua. Naanza na hilo kwa sababu nimelizungusha moyoni mwaka mzima na sijapata namna nyingine ya kulisema.

Nyumbani sote tunamwita Papa, kama Wakongo wanavyowaita baba zao. Kabla vita havijamtoa kwao alikuwa fundi wa injini za boti za mizigo katika Ziwa Tanganyika. Huku Sydney alipata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala moja kule Smithfield, akayapanga mpaka mgongo ukagoma. Tangu hapo akawa mtu wa kochi, pale kwetu Lidcombe, runinga imewashwa, na Kiingereza chake hakimtoshi hata kujua nani kwenye ile tamthilia ni mume wa nani. Kilichomwinua ni kitu kuharibika. Feni ikikwaruza chumba cha pili, utamwona anageuza kichwa. Pasi, baiskeli za majirani, gari langu, vyote vilipita mikononi mwake, na siku ambayo hakuna kilichoharibika alizeeka mbele ya macho yetu.

Mimi ni Mkenya, nesi wa zamu, na mdomo ninao. Madaktari wananijua. Lakini mbele ya Papa nilikuwa mtu mwingine kabisa. Siku ninaolewa mama yangu aliniketisha na kunifunda kwamba mkwe hamkosoi baba mkwe, na akiwa katika kazi ya mikono yake ndiyo kabisa, hata kikohozi ukimeze. Nilishika mafundisho hayo kuliko mengine yote aliyonipa, na yalikuwepo mengine yenye maana zaidi.

Kanisani kwetu kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, mjane, ambaye zamani alijijengea boti ya chuma, ndefu na nyembamba, mfano wa zile zinazopita kwenye mifereji ya kwao. Aliifunga kwenye kijito kimoja kinachoingia Mto Parramatta, nyuma ya maghala. Sasa alikuwa anahamia kwenye makao ya wazee, na halmashauri ilikuwa imemwandikia kwamba kijito kitasafishwa, kila boti iwe imeondoka mwisho wa mwezi. Upande wa juu wa mto kulikuwa na gati lililokubali kuipokea, ila kwa sharti moja: boti ije kwa injini yake yenyewe. Isiyotembea hawaitaki. Injini ilikuwa haijawaka miaka mingi. Mzee aliniomba nimtafsirie Papa: ukiweza kuifikisha kule, ni yako. Usipoweza, itavutwa ikakatwe vyuma chakavu.

“Mama,” Papa aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, “ambia mzee nitaiamsha.”

Siku hiyo alikula sahani mbili za ugali. Usiku mume wangu aliniambia hajamsikia baba yake akipiga mluzi tangu wakiwa kambi ya wakimbizi.

Mume wangu anaendesha lori siku zote za wiki, kwa hiyo kazi ya kumpeleka Papa na kumtafsiria ikaniangukia mimi, kila nikiwa off. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikimshikia tochi. Alianza na dizeli. Tangi lilikuwa na maji chini na matope meusi, akayanyonya yote, akabadilisha filta, kisha akaanza kutoa hewa kwenye mipira ya dizeli, analegeza nati moja, anapampu kwa kidole gumba, anasubiri mapovu yaishe, anakaza, anahamia nyingine. Hakuwa na haraka. Siku ya nne injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Papa alipiga kifuniko chake makofi mawili matatu kama unavyompongeza ng'ombe, akanigeukia akicheka, na mimi nikalia kabisa, nesi mzima, tochi mkononi.

Ilibaki giaboksi. Injini ilinguruma vizuri, lakini ukiingiza gia, shafti inayozungusha propela ilizunguka kivivu mno. Papa alivuta kijiti cha kupimia, akakiangalia, akanionyesha. Oili ilikuwa karibu kwisha, na iliyobaki ilikuwa nyekundu iliyochujuka.

“Hii haiko mgonjwa,” alisema. “Iko na kiu tu.”

Akaimwaga ile iliyobaki. Akachukua galoni ya oili nzito, ile ile aliyokuwa ameitia kwenye injini, akaanza kuimimina.

Pale ubavuni mwa giaboksi kulikuwa na kibati kidogo cha maandishi, kimeshika grisi. Nilikuwa nimekipangusa kwa kidole kwa kukosa kazi. Kiliandikwa kwa Kiingereza, wazi kabisa, kwamba humu itiwe oili nyekundu nyepesi, ile ya giaboksi za magari ya otomatiki, na oili ya injini isitiwe. Nilikisoma mara mbili. Papa asingeweza kukisoma. Galoni ilikuwa bado imejaa zaidi ya nusu.

Nilichofanya ni kuuliza, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mgonjwa wangu amewahi kuisikia, “Papa, oili ni moja tu?”

“Sisi kule ziwani, moteri na vitesi vinakunywaka mafuta moja,” alijibu bila kuinua kichwa. Vitesi ndivyo gia kwao. Na alikuwa anatabasamu. Alikuwa na miaka yake yote ya ziwa nyuma yake, na mimi nilikuwa na kibati. Nikamshikia tochi vizuri zaidi.

Jioni nilimweleza mume wangu. Aliniangalia kwa uchovu. “Papa ameshika injini tangu hujazaliwa,” akasema. “Unataka kumfundisha?” Basi nikajificha nyuma ya jibu hilo, tena kwa furaha, maana lilinifaa.

Na kweli, mara ya kwanza boti ilitembea. Iliyapasua yale maji ya kijito ikaenda mbele, ikarudi nyuma, Papa ameshika usukani kifua mbele. Lakini baada ya robo saa, giaboksi ikiwa imepata moto, injini ilipanda sauti na boti ikapunguza mwendo. Klachi ilikuwa inateleza ndani. Alizima, akasubiri ipoe, akawasha, ikashika tena, ikapata moto, ikateleza. Akaanza kutafuta. Alikaza kebo ya gia. Alikagua shafti, alikagua propela kwa ndoana ndefu, labda imenasa kamba. Kisha aliweka ncha ya bisibisi kwenye giaboksi na mpini sikioni, akafumba macho, akasikiliza. Hivyo ndivyo alivyojifunza kazi, kwa sikio. Alisikiliza siku nzima. Alisikiliza kesho yake pia, na kila alipoinua kichwa alikuwa na uso wa mtu aliyeulizwa jina lake akalisahau.

Kila siku kati ya hizo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nilikuwa nao muda garini, kwenda na kurudi, yeye kando yangu na harufu yake ya dizeli. Nilijiambia nitasema tukifika zile taa za barabarani. Tukifika, nilijiambia si leo, leo amechoka. Aibu yenyewe ilikuwa inakua, kwa sababu sasa nisingeeleza kibati tu, ningeeleza pia kwa nini nilikaa kimya. Najichukia nikikumbuka zile taa.

Asubuhi ya siku ya mwisho tulitoka kijitoni mimi na yeye peke yetu. Papa alikuwa amevaa shati la kanisani. Alipanga kwenda polepole giaboksi isipate moto. Tulifika mtoni, feri ikatupita, mawimbi yake yakatuinua, akaongeza mafuta kidogo ili boti isisukumwe pembeni. Injini ikapiga kelele. Shafti haikuzunguka hata kidogo. Kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua, na maji yakatuchukua taratibu, ubavu mbele, mpaka kwenye mikoko, tukakwama pale matopeni injini ikinguruma bure. Papa hakuizima. Nilisogea mimi nikaizima.

Alikuja bwana mmoja na boti ya kuvuta, niliyempigia simu. Alikuwa mpole. Alifungua giaboksi, akachovya kidole, akanusa, akasugua oili kati ya vidole. Akauliza kwa Kiingereza ni nani ametia oili ya injini humu, kwa sababu imeziunguza pleti zote za klachi, na kama mngetia ile nyekundu mapema mngekuwa mmeshafika zamani.

“Anasema nini?” Papa aliniuliza.

Nikamtazama na shati lake la kanisani.

“Anasema ni ya zamani sana, Papa. Imechoka tu.”

Alitikisa kichwa. “Hapana,” akasema. “Ilikuwa inaniambia. Ni mimi sikusikia. Masikio yangu yamekwisha.”

Nilidhani ninamfichia aibu, kumbe nilimwachia kubwa zaidi. Boti ilivutwa siku hiyo hiyo ikakatwe vyuma chakavu. Papa alifuta spana zake moja moja, akazipanga kwenye sanduku, akalisukuma chini ya kitanda, akarudi kwenye kochi.

Miezi kadhaa baadaye mashine yetu ya kufulia ilianza kutikisika na kumwaga maji jikoni. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Niliiacha imwage, niliiacha ipige kelele makusudi, nikingoja ageuze kichwa. Hakugeuza. Mwishowe nilimwita. Alikuja mlangoni, akaitazama kidogo, akasema, “Muite fundi.”

Hapo ndipo niliposema yote, nimesimama majini, kibati, galoni, yule bwana na alichokisema kweli. Nilingoja anifokee. Niliomba anifokee.

Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Ungeniambia, mama,” alisema, “ningekasirika siku moja, ao mbili. Kiisha ningeimwanga ile mafuta na kuweka ingine.”

Akarudi kwenye kochi. Nikapangusa mikono, nikatafuta namba ya fundi, nikapiga.