Mlango Alioutoboa Mpangaji

Wanasema nilikuwa mwanamke mkali. Nilikuwa, tena sana. Miaka ile misafara ya bara ilipokuwa ikifurika Bagamoyo na kila mtu akitafuta pa kuweka mzigo, mjane mwenye nyumba akijifanya mpole angelala nje.

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba ya miti na udongo, vyumba viwili upande wa njiani na kimoja upande wa uani. Vile vya mbele nilimpangisha mfanyabiashara kutoka Unguja aliyekuwa akikusanya wapagazi wa kwenda bara. Humo aliweka marobota yake ya nguo, shanga na nyaya za shaba. Tulikubaliana mbele ya kaka yangu: mbele kwake, uani kwangu. Akitaka maji ya kisima, asimame ukumbini apige hodi, nijifunike, kisha nimkaribishe.

Mwanzoni alipiga hodi kwa adabu, ungemwoza binti yako. Baadaye hodi na miguu vikawa vinaingia pamoja. Mwisho hodi ikafa kabisa, nikawa nawakuta wapagazi wake wamechutama kisimani, nami kichwa wazi nasuka ukili wa mkeka. Nikatia komeo mlango wa ukumbini. Yeye akachukua shoka, akatoboa ukuta wa ghala lake, akatokea uani kwangu.

"Nimekupunguzia taabu, bibi," akaniambia, kanzu imejaa vumbi. "Sasa huna haja ya kuniitikia."

"Umetoboa ukuta wangu!"

"Ukuta wa chumba ninachokaa mimi."

Hasira ilinipanda. Nikaenda kwa kaka. Kaka yangu alikuwa mtu wa amani, na amani yenyewe aliwagawia watu kutoka kwenye fungu langu.

"Mwenye nguvu mpishe, dada," akasema. "Hamia hapa kwangu. Yule bwana amekwisha kuniambia anaitaka nyumba yote."

Ndipo nilipofahamu kwamba tundu lile halikuwa la kuchotea maji. Alitaka nichoke, nitoke mwenyewe. Nami niliwajua wajane waliokwenda kwa ndugu zao kupumzika kidogo, wakazeeka wakiomba ruhusa ya kubandika chungu katika jiko la wifi. Nikarudi kwangu.

Masika yalikuwa yanakaribia, na kabla ya masika nyumba za udongo hukandikwa upya. Ni kazi ya shirika, mwenye nyumba hupika na wanawake wa mtaa huja kutia mikono. Nikawaalika Ijumaa, wakati wanaume wako msikitini. Mpangaji mwenyewe nilimwambia kwamba nakandika. Akajibu kuwa ni vizuri, nyumba imechakaa. Hakuuliza naanzia wapi.

Tulianzia kwenye tundu lake. Tulisimamisha miti, tukafunga fito, tukashindilia udongo. Tulikuwa tumejifunga kanga vifuani, vichwa wazi, matope hadi mabegani. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni aliporudi kutoka kuswali. Akachungulia kutoka ghalani ili anikemee, akaona wake za watu, akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Mimi mjane alinizoea. Waume za wale wengine walikuwa hai.

Akakimbilia kwa jumbe, mkubwa wa mtaa wetu, akaja naye pamoja na kaka yangu. Jumbe akasimama ukumbini.

"Hodi wenyewe!"

Tukanyamaza, mikono ikiendelea. Akapiga ya pili. Mke wake alikuwa ubavuni mwangu na donge la udongo mkononi, ameuma midomo asicheke. Akapiga ya tatu. Hakuna aliyejibu.

Tukasikia viatu vya jumbe vinageuka.

"Wamo humo!" mpangaji akapiga kelele. "Nawasikia!"

"Hata mimi nawasikia," jumbe akasema. "Lakini sikukaribishwa. Usipokaribishwa mara tatu unarudi ulikotoka. Kwenu Unguja hamfanyi hivyo?"

Waliokaa barazani walisikia kila neno. Tulimaliza ukuta alasiri ile, na hakuthubutu kuugusa, maana kuubomoa kungekuwa kuwatukana waume wa mtaa mzima. Mvua za kwanza zilimkuta amekwisha hamisha marobota yake kwenda nyumba nyingine.

Siku chache baadaye kaka akaja, akanikuta uani nimenyoosha miguu juani, namenya muhogo.

"Umemfukuza mtu mwenye mali," akasema. "Sasa utakula nini?"

"Unakiona. Tena nakula kwangu," nikamjibu. "Na wewe, hodi yako sikuisikia. Toka nje, kaka, uanze upya."

Alinitazama kama ninayetania. Nikaendelea kumenya muhogo hadi akatoka.