Bango la Bembea

Mzee Albano wa Tandika alikuwa na neno moja ambalo watoto wa mtaani walilijua kuliko jina lake: usiguse. Ujanani kazi yake ilikuwa kubandika mabango ya sinema. Alikuja mjini kutoka Masasi, akapewa ndoo ya gundi ya unga wa ngano, brashi na ngazi, akawa anazunguka kuta za Dar kutangaza picha za wiki. Kila picha mpya alijiwekea bango moja, akalikunja kwa adabu na kwenda nalo nyumbani. Jumba la sinema likafungwa, wenzake wakarudi mikoani, mkewe Yuliana akafariki. Mabango yakabaki kwenye sanduku la bati lenye kufuli, yamelazwa na majani makavu ya mwarobaini ili wadudu wasiyasogelee.

Sasa miguu ilikuwa imemchoka, na hofu yake ilikuwa moja tu. Binti yake Marietha, aliyekuwa akikaa naye, hakumficha. "Baba, mie nakupenda wewe, hayo makaratasi hapana. Siku ukiondoka sijui nitayafanyaje." Mzee alijua. Atayawashia mkaa. Alitaka apatikane kijana, hata mmoja, wa kuyapenda, basi.

Akajaribu, maskini. Ferdinand, mwenye kibanda umiza cha jirani, kile cha kuonyeshea mpira kwenye runinga, alimruhusu kutundika mabango kwenye kamba kabla ya mpira kuanza, vijana wakiwa wanasubiri. Na yalikuwa mabango kwelikweli, acha mchezo: rangi za kuchorwa kwa mkono, masteringi, wale mashujaa wa picha, wenye bunduki, mabibi harusi wanaolia. Lakini kijana akisogea, akinyoosha kidole tu, mzee anafoka: "Usiguse! Umenawa wewe?" Sasa jamani, nani atakipenda kitu anachofokewa kwa ajili yake? Mmoja akamjibu, "Babu, tulia, kwani huu mtihani wa taifa?" Wakacheka, wakaingia kwenye mpira wao. Mzee akaanza kukunja kamba yake, roho inamuuma.

Aliyebaki nje alikuwa Lusungu, msichana anayesuka nywele kwenye saluni ya upande wa pili. Alisimama mbele ya bango la mwanamke aliyekaa kwenye bembea, sari nyekundu, machozi shavuni. Mikono alikuwa ameiweka nyuma, bila kuambiwa.

"Shikamoo babu. Huyu dada analia nini, na bembea anayo?"

Ajabu! Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuuliza. Mzee akaketi, akamsimulia picha nzima, kisha akamsimulia na lisilokuwamo: kwamba siku alipokuwa anabandika bango kama lile, ngazi iliteleza, na msichana mmoja muuza maandazi akaiwahi, akaishika. Huyo ndiye Yuliana.

Tangu siku hiyo Lusungu akawa anakuja nyumbani kwa mzee kila akipata nafasi, na ananawa kwanza. Mwishowe akaomba akae na bango la bembea kwao siku chache, alitazame vizuri. Marietha akashangaa kumwona baba yake analitoa lile alilolipenda kuliko yote.

"Baba, una homa?"

"Nisipompa sasa, nitampa nikiwa kaburini?"

Lusungu alirudi anatabasamu, kifurushi kifuani. Akakifungua mezani. Bango lilikuwa vipande vinne, kila kimoja kimevikwa plastiki ngumu, kinang'aa, vyote vimeunganishwa kwa solotepu. Mkasi ulikuwa umepita katikati ya uso wa yule mwanamke.

"Nimelipigia lamineshi, babu! Mashine ya pale steshenari ni ndogo, haipitishi bango zima, ndiyo nikalikata. Nimepima kwa rula, halijapinda hata kidogo."

Marietha akajiziba mdomo kwa kanga. Neno lilimfika mzee mdomoni, neno la kumfukuza Lusungu, na alijua likitoka binti huyu hatarudi, na nyuma yake hakuna mwingine. Lakini Yuliana wake! Amemkata Yuliana wake. Machozi yakamtoka, wala hakuyafuta.

Tabasamu la Lusungu likapotea. "Babu, nimekosea?"

"Kwa nini, mjukuu wangu? Kwa nini?"

"Kwetu bondeni maji yanaingiaga ndani," alisema Lusungu. "Yalichukua cheti changu cha kuzaliwa, yakachukua na picha ya marehemu baba. Hatukuwa na nyingine. Tangu hapo mama kitu asichotaka kipotee anakipigia lamineshi. Vyeti vya shule, kadi ya ubatizo, vyote. Na hili nikaliweka kundi moja na vyeti vyetu. Sikutaka lilowe, babu."

Mzee akavivuta vile vipande karibu, akapitisha kidole polepole kwenye njia ya mkasi. Kisha akainua macho ukutani, kwenye cheti chake cha ndoa na Yuliana. Kilikuwa ndani ya plastiki ileile. Alikipeleka mwenyewe dukani, wiki aliyomzika, maana aliogopa kitachakaa na hatabaki na kitu.

Lusungu alikuwa ameshasimama, anafuta macho kwa kiganja. "Nisamehe, babu. Sitakusumbua tena."

"Kaa," alisema mzee. Akamwomba Marietha nyundo na msumari, akalitundika bango la vipande vinne pembeni ya cheti cha ndoa. Halikukaa sawa. Akaliacha hivyohivyo. Akavua shingoni uzi wenye ufunguo wa sanduku, ambao hata Marietha hajawahi kuushika, akauweka kwenye kiganja cha msichana, akakifumba.

"Kesho njoo, unawe, tufungue yaliyobaki," alisema. "Mkasi uache kwenu."