Kabla hujakata springi za gari lako la zamani, soma kisa cha farumi ya Boanamary

Wakuu, salaam aleikum.

Nimeusoma uzi wa kijana aliyepata gari la michezo la zamani, anauliza aanze na nini kwenye suspension: springi fupi, rimu pana au shokapu, maana uwezo wake ni wa jambo moja tu kwa sasa. Wengi mmemjibu aanze na springi, gari likae chini, lipendeze.

Mimi ni mzee. Nilikuwemo ndani ya gari la namna hiyo siku lilipotaka kutuua. Nitaeleza kama nilivyoona kwa macho yangu. Mtu wa umri wangu anajitayarisha kwa hesabu nyingine, hana faida ya kudanganya mtandaoni.

Ilikuwa Madagascar, miaka ya mwanzo ya uhuru.

Sisi ni watu wa asili ya Ngazija, tuliozaliwa Mahajanga, mtaa wa Mangarivotra. Nyumbani tulisema Kikomoro, sokoni Kimalagasi, ofisini Kifaransa. Kiswahili nilikipata kwa mwalimu wangu wa dini, kisha kwa kuishi Mombasa. Maneno ya watu humu nayaleta kwa Kiswahili, ingawa wao hawakuyasema hivyo.

Kaka yangu Abdou alikuwa dereva kisiwani Nosy Be, kwa Mfaransa mwenye shamba la mlangilangi. Uhuru ulipokuja yule bwana akarudi kwao, akamwachia Abdou gari lake kuwa shukrani ya kazi. Viti viwili, halina paa, rangi ya kijani, na tayari limezeeka.

Tulikwenda kulichukua mimi na mjomba wetu, nahodha mstaafu ambaye mji mzima ulimwita Nahodha tu, mpaka mkewe.

Tukalijaribu kwenye njia ya mchanga ya kuelekea Ambatoloaka, wakati huo kijiji cha wavuvi. Mbele lilikwenda vizuri. Nyuma lilinesa. Ukipita shimo moja, linaendelea kunesa mpaka unafika shimo la pili.

Leo fundi yeyote humu angesema shokapu zimekufa. Sisi hatukujua.

Nahodha alishuka, akalizunguka, akaliegemea kwa mkono kama anavyoegemea ubavu wa chombo. Akasema: "Jepesi nyuma hili. Halina farumi."

Kwa wasiojua, farumi ni mawe yanayowekwa chini ya chombo kisicho na shehena, kisije kikalala upande.

Wakuu, msicheke. Ukoo wetu wote ni wa bahari. Maneno hayo yalituingia akilini bila kugonga mlango.

Tulipolifikisha Mahajanga kwa meli, Abdou alikuwa na akiba ya kazi moja ya gereji. Akachagua springi. Alikuwa ameona picha za magari ya mashindano katika magazeti ya Kifaransa, yamelala kama paka anayewinda. Za mbele zikakatwa, gari likainama. Watu wa mtaani wakaja kulitazama, na mimi nikiwemo, nikaona fahari.

Nyuma akafuata shauri la mjomba. Mawe ndani ya magunia, yakapangwa nyuma ya viti. Kweli, kunesa kukapungua. Nahodha akatembea mtaa mzima akijisifu: "Mafundi wana spana, mimi nina akili."

Sasa lililokuwa hatarini.

Abdou alikuwa amechumbia binti wa Mangarivotra. Bibi yake yule binti, Koko Zaina, aliishi Boanamary, kule kwenye mlango wa mto Betsiboka. Baba wa binti alisema wazi: "Bila mama yangu kuwepo na kumwekea mjukuu wake mkono kichwani, hakuna nikaha." Na desturi yao ni kwamba bwana harusi mwenyewe ndiye anayemfuata mzee wa nyumba.

Koko hakupanda chombo cha baharini tena. Mumewe alizama pale mtoni, siku mawe ya farumi yalipohama na chombo kikalala. Kwa hiyo ilikuwa ni gari au hakuna harusi.

Nikaha ilipangwa Ijumaa, baada ya sala. Tukatoka asubuhi hiyo, mimi na Abdou, kumfuata Koko.

Kwenda tulikwenda salama, kwa kuwa njia ilipanda na sisi tulikwenda polepole. Koko akatuchelewesha. Alikuwa anachagua leso. Alipokuja kukalia kiti cha mbele aliligonga gari kwa fimbo. "Mkwe wangu, mbona hili limepiga magoti? Linasali?"

Abdou hakucheka. Alikuwa anatazama jua.

Mimi nilikaa nyuma, juu ya magunia, nimeshika migongo ya viti.

Kurudi, njia inashuka. Udongo mwekundu, mgumu, umefanya matuta madogo madogo kama ubao wa kufulia nguo. Chini kuna kona, na baada ya kona daraja la magogo juu ya kijito cha mikoko. Halina kingo.

Abdou aliongeza mwendo.

Nyuma ya gari ikaanza kuruka. Si kunesa tena, kuruka. Nilihisi magurudumu hayagusi ardhi, yanaigonga na kuiacha.

"Abdou, punguza!"

"Nikipunguza linatikisika zaidi!"

"Basi simama!"

"Kwa breki zipi? Tairi haziko chini!"

Nikasikia gunia linapasuka chini yangu. Mawe yakamwagika, yote upande wa kushoto, upande wa kijito. Gari likainama. Usukani ukawa mwepesi mikononi mwa Abdou, nikaona anauzungusha na pua ya gari haimsikii.

Koko hakugeuka nyuma. Aliujua mlio ule. Akapiga kelele, sauti ya mtu aliyekwisha kuiona siku hiyo mara moja:

"Farumi imehama! Tupa! Tupa yote!"

Nikaanza kutupa. Jiwe la kwanza liling'oa ukucha wangu. Nilikuwa natamka shahada kwa sauti, neno na jiwe, neno na jiwe. Mengine yalibiringika pembeni mwetu yakishindana nasi kuteremka.

Kona ikafika. Nyuma ya gari ikateleza kwenda nje ya kona, nikaona maji na mizizi ya mikoko badala ya barabara. Nikasukuma gunia zima kwa miguu miwili, likaanguka.

Gari likanyooka kidogo, kiasi cha kulipata daraja tu. Magogo yakalia. Tulipokaribia mwisho, gurudumu la nyuma kushoto likatoka nje ya gogo, tumbo la gari likakwaruza, tukasimama. Pua iko nchi kavu, gurudumu linazunguka hewani.

Mafuta ya shokapu yalikuwa yanatona kwenye magogo.

Koko akafungua macho. "Tumefika?"

"Bado, Koko," akasema Abdou.

"Basi nishusheni. Miguu yangu ni mibovu, lakini nikiiambia isimame husimama."

Watu waliokuwa wakikata kuni mikokoni walikuja kulinyanyua gari. Wallahi siwasahau katika dua zangu hadi leo. Njia iliyobaki tuliikata kwa mwendo wa ng'ombe. Sala ya Ijumaa ikatupita, na baba wa binti tulimkuta mlangoni, amekunja uso.

Kabla hajasema neno, Nahodha akamtangulia: "Haya, Koko, farumi yangu imesaidia?"

"Imesaidia sana," Koko akajibu, "tulipoiacha nyuma. Iko kule kilimani, Nahodha. Kaichukue kwa miguu."

Baraza zima likaangua kicheko, na baba mkwe akawa hana njia ila kucheka. Nikaha ikasomwa baada ya Alasiri. Nilikaa nyuma ya kaka yangu, kidole kimefungwa kitambaa, nikimshukuru Mungu, maana saa ile ile tungeweza kuwa tunasaliwa sala ya maiti.

Lakini kisa hakikuishia hapo.

Kwetu, baada ya harusi wanawake wa upande wa bibi harusi huleta masinia ya zawadi kwa bwana harusi, wakiimba barabarani, kila sinia limefunikwa kitambaa cha darizi. Huwa ni joho, kofia, manukato.

Sinia la Koko lilibebwa na wanawake wawili, na walikuwa wanatokwa jasho. Abdou akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na shokapu za gari, zimetolewa kwenye gari jingine la aina ile lililokufa, zimepakwa mafuta mazuri na kunyunyiziwa marashi.

Koko alikuwa ametuma mtu kwa fundi kuuliza swali moja tu, ambalo sisi wanaume hatukuliuliza: ni kitu gani kinachoishikisha tairi chini?

Kijana, hilo ndilo jibu langu kwako. Tazama tairi na bushi, ile mipira ya viungo, kwanza, kisha tia shokapu nzima. Springi fupi zitangoja, na rimu pana zitangoja zaidi. Uzuri wa gari unaonekana likiwa limesimama, lakini wewe unaishi ndani yake likiwa linateremka.

Abdou aliliendesha miaka mingi na zile springi zilizokatwa, na halikuruka tena.

Wakuu, karibuni kwa maoni. Na aliyewahi kulitibu gari kwa dawa ya kazi yake mwenyewe, iwe ya bahari, ya shamba au ya cherehani, naye aseme. Mzee hatacheka peke yake.