Tairi za Kiangazi Asubuhi ya Pasaka

Jumapili ya Pasaka, tarehe 31 Machi. Asubuhi theluji nzito, inaanguka kimya, upepo hakuna.

Na gari jekundu la mdogo wangu lilikuwa limekaa kinyume katikati ya barabara ya mlimani, pua imeelekea tulikotoka. Ndani yake alikuwemo mama yetu, miaka themanini na minne, amepakata kikapu cha Pasaka.

Ngoja nirudi nyuma kidogo.

Naitwa Kreszenz. Naishi huku Allgäu, milimani kusini mwa Ujerumani, nyumba moja na mama. Tangu baba afariki, kila Pasaka ni mimi ninayempeleka mama kanisa la juu, kikapu chake cha mayai na vyakula kikabarikiwe.

Kwa mtu wa nje si kitu. Kwangu ilikuwa siku yangu. Siku nyingine zote nampa dawa, namfulia, nagombana naye juu ya chumvi. Siku ile tu ndiyo anakaa pembeni yangu na nguo zake za sikukuu, na kijiji kizima kinatuona tukishuka pamoja.

Februari, mdogo wangu Roswitha akarudi kutoka mjini Stuttgart.

Alirudi na gari la michezo, jekundu, limeinama chini kama paka anayenyemelea. Mama alipanda mara moja tu. Akashuka mashavu yamemwiva kama msichana, akasema gari la Roswitha linaingia kwenye kona kana kwamba limebandikwa kwa gundi.

Jioni mezani akarudia. Kesho yake akamsimulia muoka mikate.

Roho iliniuma, sitaficha. Miaka yote namwendesha mama, hakuna muoka mikate aliyewahi kusikia habari za kona zangu.

Jumatano ya juma kuu, mama akiwa anapaka mayai rangi, akasema mwaka huu atakwenda na Roswitha. "Wewe utakuja nyuma yetu," akaniambia. Kwa sauti ileile ya kuomba apewe kijiko.

Nikasema sawa. Nikaingia chumbani nikasali rozari nzima, na sikumbuki hata fumbo moja, maana akili yangu yote ilikuwa kwenye kile kiti cha mbele cha gari jekundu.

Sasa, huku kwetu kuna kanuni ambayo hata mtoto anaijua. Tairi za baridi unafunga Oktoba, unazivua Pasaka. Ndiyo maana Jumamosi Kuu gereji ya fundi Ignaz huwa na foleni ndefu kuliko ya kitubio.

Nilimkuta Roswitha pale, yuko mbele yangu. Ignaz alikuwa anamfungia tairi za kiangazi, zile za mwendo kasi, pana, mpira laini, zinanukia upya. Mzee mmoja kwenye foleni akanong'ona kwamba Pasaka imewahi mno, bado tuko Machi. Roswitha akamjibu Pasaka ni Pasaka. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kanuni ni kanuni.

Tairi zangu mimi zilikuwa zimebaki kipara. Ilibidi ninunue.

Ignaz akanionyesha mafungu mawili. Za kiangazi, akasema, kwenye lami yenye joto hakuna cha kuzishinda, lakini baridi ikizipiga zinakuwa ngumu kama sahani ya plastiki. Za misimu yote zinafanya kila kazi, ila hakuna kazi zinayoifanya kwa kujivunia.

Nilizishika zile za kiangazi. Akilini nilimwona mama kwa muoka mikate, safari hii anasimulia habari zangu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme nifungie hizi.

Roswitha akageuka. "Dada, chukua kama zangu. Hizo za misimu yote ni za watu wasiojua wanachotaka."

Foleni nzima ikacheka.

"Nifungie za misimu yote," nikamwambia Ignaz.

Sikuchagua kwa akili. Nilichagua ili nisifanane naye.

Asubuhi ya Pasaka nikafungua pazia, nikaona kijiji kimefunikwa na weupe. Nikatabasamu peke yangu. Nikajua tu, sasa Roswitha atakuja kubisha mlangoni kwangu kwa unyenyekevu.

Akaja, kweli, injini inanguruma, tayari kumchukua mama. Akadai theluji ishaondolewa barabarani mpaka karibu na ule msalaba uliosimikwa kwenye kona, njia ya kanisani.

Nikamwambia tairi zake hazifai kwa hali ile, wapande wote kwangu. Nilikuwa nasema kweli. Tatizo ni kwamba hata mimi nilisikia sauti yangu ilivyofurahi.

"Wivu wako, dada," akasema, "unaonekana kuliko theluji."

Mama alisikia. Akatazama mbingu, akanitazama mimi, akaingia kwenye gari jekundu.

Nikafuata nyuma, kama nilivyoagizwa.

Pale kwenye msalaba, theluji haikuwa imeondolewa. Nikaona nyuma ya gari lao inateleza taratibu, inazunguka, kama mtu anayegeuka kumsalimia aliye nyuma yake. Upande mmoja mlima, upande mwingine korongo. Nikaanza Baba Yetu. Nilipofika "utusamehe" ulimi ukagoma.

Gari likasimama.

Nilikimbia mpaka mlangoni. Mama mzima, kikapu mapajani, hakuna yai lililopasuka. Nilikuwa na sentensi yangu tayari, nimeinoa tangu gereji. Kisha nikaiona mikono ya Roswitha kwenye usukani. Ilikuwa imeung'ang'ania kama alivyoling'ang'ania jeneza siku ya kumzika baba.

Sentensi nikaimeza. "Shukeni," nikasema. "Twende na langu."

Tukalisogeza gari lake pembeni, tukapanda, mama mbele, Roswitha nyuma. Gari langu likapanda mlima polepole, nami nikaanza kuvimba kichwa. Chini kidogo ya kanisa, pale penye mwinuko mkali, tairi zikazunguka mahali pamoja. Haziendi.

Roswitha akashuka na viatu vyake vya kanisani, akasukuma. Tairi zikashika, zikamrushia tope la theluji kuanzia magotini hadi kidevuni.

Akarudi kitini amelowa. "Kumbe na zako hazijui zinachotaka."

Nikaanza kucheka mimi, naye akafuata.

Kisha akauliza, nusu utani, "Uliomba theluji, wewe?"

"Sikuomba," nikamwambia. "Ni vile tu sikufikiria."

"Niliomba mimi," akasema mama.

Nikamgeukia. 

Mama akasema tangu tulipomzika baba hatujawahi kukaa gari moja, mimi na Roswitha. Angesema twende wote, tungegombania gari la nani. Kwa hiyo akamkubalia Roswitha, na mengine akamwachia Mungu. "Nilimwomba theluji kidogo tu," akasema. "Naona amezidisha, kama mimi na chumvi."

Nikamuuliza, na hukuogopa kupanda lile gari?

"Niogope nini? Nilijua wewe uko nyuma."

 Kumbe kile kiti nilichokililia hakikuwa na thamani kuliko mahali aliponiweka.

Nyuma yangu Roswitha akasema kwa sauti ndogo kwamba miaka yote akipiga simu nyumbani, alikuwa anasikia Kreszenz hivi, Kreszenz vile. Alinunua gari ili na yeye awe na la kusimuliwa.

Wivu haukuniisha siku ile. Ulipunguza mwendo tu. Ukiniuliza leo ununue tairi zipi, nitakwambia angalia barabara unayoipita wewe, usiangalie gari la mwenzako. Ndilo nililojifunza, na bado najifunza.

Tulikuta watu wamejipanga mlangoni mwa kanisa na vikapu vyao. Padri Gereon alimaliza kunyunyizia chetu maji ya baraka, akauliza lile gari jekundu kule kwenye kona ni la nani. Ignaz akainamia viatu vyake. Roswitha akawa mwekundu kuliko gari lenyewe.

Nikamshika mkono. Nikapaza sauti ili hata wa mwisho kwenye mstari asikie.

"Mwakani Pasaka ni Aprili. Mama atakaa mbele kwenye gari la Roswitha, mimi nitakaa nyuma na kikapu, na kuhusu kona sitasema neno. Naahidi mbele yenu wote."