Ngitili Iliyozungushiwa Waya

Ng'ombe wa baba yangu walikufa kwa njaa huku wakitazama nyasi zilizowafika tumboni. Kati yao na nyasi hizo kulikuwa na waya wa nyuzi nne, na ndani ya waya walikuwa farasi wawili. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwapiga brashi farasi hao kila asubuhi.

Nitaeleza ilivyokuwa, kwa mpangilio, kwa sababu kila ninapoisimulia kwa hasira watu husikia hasira tu.

Ilikuwa miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa. Ushirika ulikuwa umedhoofika, na wanunuzi binafsi wakaja na malori na mizani zao. Mmoja wao, mgeni kutoka Ulaya, alijenga kiwanda cha kuchambua pamba nje kidogo ya Bariadi, akajenga na nyumba ya kuishi jirani na kwetu. Sisi tulimwita Mzungu wa Pamba. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza changu kilifaa, akaniajiri nimtafsirie. Farasi walipofika kwa lori kutoka Arusha, akanipa na kazi ya kuwatunza.

Siku waliposhushwa, watu walijaa barabarani.

"Hao ni punda waliosoma," alisema jirani yetu mmoja, mzee mwenye mdomo, na watu wakaangua kicheko. Kisha akanigeukia: "Anakamuliwa?"

"Hakamuliwi."

"Analima?"

"Halimi. Anapandwa tu, jioni."

"Analiwa?"

"Haliwi, mzee."

"Basi huyo si mfugo. Huyo ni mgeni mwingine."

Baba alikuwa pembeni, amekunja mikono. "Anakula majani na ananyea," alisema. "Huyo ni mfugo."

Kauli hiyo ilitugharimu. Kwetu, mwenye mfugo akihamia jirani nawe, humwachi ahangaike. Tulikuwa na ngitili, eneo la nyasi linalofungwa mvua zinapoanza ili nyasi zikue na zikauke zikiwa zimesimama, kisha linafunguliwa kiangazi malisho mengine yanapokwisha. Halikuwa na ua. Kila mtu alijua ni la nani na linafunguliwa lini, na wazee walimtoza faini aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati.

Mzungu wa Pamba alikuwa amejenga banda zuri kuliko nyumba yetu: sakafu ya saruji, paa la bati, milango mipana iliyotazama nje. Alinieleza kwamba farasi akifungiwa ndani mchana kutwa huugua akili, huanza kutafuna mbao na kuyumba kama mlevi. Lazima atoke na kuingia apendavyo. Kwa hiyo alihitaji uwanja nje ya milango ile, na nje ya milango ile palikuwa ngitili yetu.

Alimwomba baba. Baba alikubali siku hiyohiyo, tena mvua zikiwa bado zinanyesha, akasema mnyama aliyetoka mbali hawezi kuambiwa asubiri kiangazi. Kisha akafanya kama afanyavyo mfugaji yeyote hapa kwetu kwa jirani mpya: akamchukua wakatembea pamoja kuizunguka ngitili yote, akimwonyesha kwa fimbo. "Mwisho hapa. Ukivuka hapa ni pamba ya watu. Pale ni mihogo ya mjane, usipaguse." Nia yake ilikuwa mnyama wa mgeni asije akamgombanisha na majirani. Mimi nilitembea katikati yao nikitafsiri. Mgeni aliitikia kwa kichwa, akashukuru, akampa mkono.

Muda si mrefu mafundi wakaja na nguzo. Wakazichimbia palepale fimbo ya baba ilipokuwa imegusa, kona kwa kona. Baba alipoziona alisema, "Vizuri, farasi hawatapotea." Alikuwa hajawahi kuona waya unaomzuia mwenye nyasi.

Mwaka ule mvua zilikatika mapema. Nyasi za nje ziliisha, ardhi ikabaki vumbi. Ndani ya waya zilisimama, kwa sababu farasi wawili hawawezi kumaliza malisho ya zizi zima, na hao walikuwa wakiletewa pia pumba na mashudu ya pamba. Wazee walipokubaliana kufungua, baba akaenda getini na ng'ombe nyuma yake. Nilikuwa bandani. Mwajiri wangu akatoka na kikombe cha kahawa.

"Mwangaluka, jirani," baba alimsalimu. "Wakati umefika, tunafungua."

Nikatafsiri. Mzungu alishangaa kwelikweli. "Kufungua nini? Si alinipa mwenyewe? Alinionyesha mipaka."

"Nilimkaribisha alishe," baba alisema. "Sikumpa ardhi."

"Mwambie ng'ombe wake wana kupe. Farasi wangu wakiugua, hapa hakuna wa kuwatibu."

"Mwambie kupe hao hawakuja jana. Halafu muulize, huko kwao mtu akikaribishwa chakula huondoka na meza?"

Nililitafsiri neno kwa neno. Alicheka, akasema baba yangu ni mtu mwenye akili sana, akarudi ndani. Geti likabaki na kufuli.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Alituambia mwekezaji asisumbuliwe, kiwanda kimeleta ajira, na mimi mwenyewe nilikuwa mfano. Alininyooshea kidole mbele ya baba.

Maksai wawili wa jembe ndio walioanguka kwanza, kwa kuwa kazi ilikuwa imewachosha. Wakafuata majike. Wiki hiyohiyo farasi mmoja alishikwa na tumbo, na nilimwona mwajiri wangu akimtembeza huku na huku, analia kama mtoto, akimwita kwa majina ya upole. Mizoga ilikuwa hatua chache tu ng'ambo ya waya. Hakuniuliza ni ya nani. Niliweka brashi chini, nikatoka, sikurudi.

Masika yaliyofuata baba alilima kwa jembe la mkono.

Baadaye bei ya pamba ilianguka. Mgeni akauza kiwanda, akaondoka na farasi wake. Walionunua walituambia uwanja ulikuwa sehemu ya mali waliyolipia. Tukafungua shauri kwenye baraza la ardhi. Baba alifariki kabla hajaitwa kutoa maelezo, na yule mgeni aliyeonyeshwa mipaka hajulikani yuko nchi gani.

Niliwaambia wajumbe kwamba mimi nilikuwepo, kwamba kila neno lililosemwa siku ile ya kuizunguka ngitili lilipita kinywani mwangu kabla halijamfikia mwingine. Wakili wa kampuni iliyonunua kiwanda alisimama akasema mkalimani si shahidi wa anachotafsiri, na zaidi ya hapo mimi ni damu ya mdai. Mwenyekiti wa baraza alisema hoja hiyo ni nzito, wataitafakari kwanza kabla ya kunisikiliza. Wameahirisha mara nyingi. Hadi ninapoandika haya, hawajaamua kama ninaruhusiwa kusema.