Thalusa, Msusi wa Bibi Volusena

Thalusa alikuwa msusi, na kama unadhani ususi ni kazi ya raha, basi hujawahi kumsuka mke wa mkubwa kule juu ya kilima cha Palatino, Roma. Bibi yetu Volusena alikuwa na sindano ndefu ya nywele, ya pembe ya ndovu, na shungi moja likikaa upande aliichoma kwenye mkono uliokuwa karibu. Siku zote mkono huo ulikuwa wa Thalusa. Mimi, Filema, nilikuwa mtumwa kama yeye, nikisokota sufu chumba cha pili. Jioni nilimpaka mafuta ya zeituni kwenye vidonda huku tukimsengenya bibi mpaka mbavu zikatuuma.

Kicheko kilikatika Kaisari alipoanza kumtazama bibi kwenye karamu. Kaisari hakutongoza mtu. Alinyoosha kidole tu, bibi akainuka mezani akamfuata chumba cha ndani, na mumewe, Bwana Petilio, akajilaza pale pale na kujifanya divai imemlevya. Thalusa alingoja ukumbini na kitana chake. Bibi alipotoka nywele zimevurugika, Thalusa alizitengeneza upya wamesimama, ili arudi mezani kama mtu aliyekwenda kunawa. Aliniambia kwamba meno ya bibi yalikuwa yakigongana, na kwamba siku hizo hakumchoma sindano. Nilimhurumia mwanamke yule, ingawa sikupenda kumhurumia.

Kisha Kaisari akachoka naye. Mara ikavumishwa kwamba Volusena ni mzinzi. Amezini na nani? Kaisari hatajwi, nani ana shingo ya akiba? Akatajwa mzee mmoja wa Seneti, mwenye mashamba ya mizabibu ambayo ikulu ilikuwa ikiyamezea mate. Kilichokosekana ni shahidi tu, na nani anayejua siri za kichwa cha mwanamke kama si msusi wake?

Hapo ndipo Thalusa alipoacha kula. Mahakama za Roma hazipokei neno la mtumwa mpaka litolewe kwa mateso. Hata akiwa tayari kusema kila kitu kabla hajaguswa, lazima afungwe kwanza kwenye ule mti wa kuvuta viungo. Aliyekwisha kuachwa huru hafungwi. Bibi angeweza kumwacha huru, lakini iwe kabla Petilio hajamwacha yeye. Mke akishapewa talaka, sheria inamzuia kwa miezi miwili asimwache huru mtumwa wake, ili mashahidi wasiponyoke. Na talaka tuliiona inakuja, maana Petilio alishahamisha hata viatu vyake.

Asubuhi moja Thalusa alipiga magoti mbele ya bibi.

"Bibi, uliniahidi. Twende kwa hakimu leo, sasa hivi."

"Tutakwenda," bibi alisema. "Sitaki wakuvunje kwa ajili yangu. Nisuke kwanza."

"Jitande shela tu, bibi. Nani atakuona?"

"Nani ataniona? Mji mzima unangoja nitoke nywele zimetimka kama za malaya wa mtaa wa Subura. Kichwa hiki ndicho kitu pekee kilichobaki changu, Thalusa. Kisuke vizuri."

Nikaleta makaa, Thalusa akatia koleo la kupindia nywele motoni. Akaanza safu ya mbele huku akiutazama mlango.

"Da Filema," alininong'oneza, "kaniangalizie mlangoni."

Nilikwenda. Bawabu wetu, mtu wa maneno mengi, alinitazama juu hadi chini.

"Unachungulia nini wewe? Unangoja mchumba?"

"Nangoja mvua."

"Na kiangazi hiki? Basi utazeekea hapo."

Barabara ilikuwa tupu. Nilirudi mbio nikakuta safu ya mbele imesimama vizuri, shungi juu ya shungi.

"Bado?" niliuliza.

"Bado kisogo."

"Kiache hicho kisogo, mdogo wangu, kiache."

"Nimesikia," alisema bibi, kioo mkononi. "Asikiache."

Shungi moja likaanguka. Bibi akashika sindano, akamchoma kwa mazoea tu, kisha akashtuka mwenyewe na kusema, "Rudia, lakini fanya haraka." Thalusa akarudia. Nilitaka kukinyakua kioo kile nikivunje ukutani. Badala yake nilisimama nikimshikia vibanio, kwa sababu nami nilikuwa na ngozi ya kupoteza.

Alikuwa ameshika kibanio cha mwisho nyayo zilipolia uani. Akaingia Kresimo, karani wa Petilio, na mashahidi nyuma yake.

"Volusena," alisema, "chukua vilivyo vyako. Bwana anakuacha." Akakitazama kile kichwa. "Umependeza." Kisha akageuka. "Msusi ni yupi?"

Bibi alifumbua mdomo kumtamkia Thalusa uhuru wake, na Kresimo akamnyamazisha kwa kiganja tu. Muda wa kutamka ulikuwa umekwisha kupita.

Thalusa alisema nini kwenye ule mti, sijui, wala sijawahi kumuuliza. Najua kwamba mizabibu ya mzee yule ni ya Kaisari sasa, na kwamba bibi alipelekwa kisiwani asikorudi mtu. Thalusa alirudishwa mikono yake haiinuki kupita kifua. Petilio, aliyebaki na mali ya bibi, akamwacha huru kama mtu anavyomwacha punda kiwete njiani.

Nami nilikuja kuachwa huru baadaye. Tunakaa pamoja chumba cha kupanga, nyuma ya tanuri la mkate, na kila asubuhi mimi ndiye ninayemchana. Siku moja ya sikukuu nilipasha koleo nikataka kumpinda mashungi mawili matatu.

"Usinipambe, Da Filema," alisema. "Zifunge tu. Haraka."

Husema hivyo kila siku, na huutazama mlango mpaka nimalize.